Kwa nini anayetaja ukatili huchukiwa kuliko anayeutenda? Swali kwa wenzangu wa Kanda ya Ziwa

Mkazi wa Igoma aliuliza:

Ndugu zangu, kuna swali ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, na ninawaomba wenye umri na uzoefu wanijibu kwa utulivu, maana siulizi ili kulishambulia kabila wala ukoo wa mtu yeyote. Kwa nini katika jamii zetu za Mwanza na mwambao wote wa ziwa, mtu anayesema hadharani kwamba ukatili unatendeka huonekana mbaya kuliko yule anayeutenda?

Nitoe mfano ulio karibu. Katika mkutano wa mtaa wetu, baada ya habari za maji na za taka kumalizika, binti mmoja alisimama akaomba tuzungumzie watoto wanaoletwa kutoka vijijini kufanya kazi za ndani, ambao hawalipwi, hawasomi, wengine wanalala jikoni na wengine wanapigwa. Hakutaja nyumba ya mtu. Alieleza tu kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na kwamba hata aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi zisizomzuia kusoma. Hakumaliza. Mzee mmoja alimwamuru aketi kwa kuwa mtaa una heshima yake, mama mmoja akasema binti huyo ametumwa na mashirika yanayotafuta fedha za wafadhili, na mwenyekiti akafunga ajenda. Wengi tuliokuwa pale tunazijua nyumba zinazohusika, kwa sababu kilio cha mtoto usiku hakizuiliwi na ukuta wa tofali. Hata hivyo, jioni ile watu hawakuwazungumzia watoto. Walizungumzia malezi ya yule binti na lini ataolewa.

Jambo hili si geni mjini kwetu. Wenye umri wangu wanakumbuka filamu ya mwaka 2004 iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotengenezwa na Mwaustria Hubert Sauper kuhusu biashara ya sangara hapa Mwanza. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu katika hotuba yake kwa taifa, na hapa mjini yakafanyika maandamano ya kuipinga. Filamu ile ilikuwa na madai mazito kuhusu silaha, na waliodai uthibitisho walikuwa na haki ya kuudai. Lakini watoto wa mitaani walioonyeshwa humo hawakutungwa na mtu. Tulikuwa tukipishana nao kila siku mjini. Sikumbuki maandamano yaliyoitishwa kwa ajili yao.

Naomba nisijibiwe kwamba tatizo ni watu kukosa elimu, kwa sababu waliomkalisha binti yule ni watu waliosoma. Ninachotaka kujua ni nani hasa anayefaidika na ukimya huu, na kama kuna mahali ambapo ukimya wa namna hii ulivunjika, ulivunjwa na nini.

Mwalimu Mstaafu wa Magu alijibu:

Mwanangu wa Igoma, umeuliza vema. Nimefundisha shule za msingi Kwimba na Magu hadi nilipostaafu, na nimezika vikongwe waliokatwa mapanga usiku. Nataka nianze na kurekebisha kidogo namna tunavyoliona jambo lenyewe.

Watu hudhani kwamba jamii inayokana huficha tukio. Kwetu Usukumani sivyo. Bibi akiuawa, kijiji kizima huja msibani, wanaume huchimba kaburi, wanawake hulia kwa uchungu wa kweli, na mwenyekiti huandika taarifa kwenda kata. Kifo hakikanwi hata kidogo. Kinachokanwa ni kwamba kilikuwa na mwagizaji, na kwamba huenda mwagizaji huyo ameketi hapo hapo kwenye mkeka akipokea mkono wa pole. Taarifa husema waliofanya hivyo ni watu wasiojulikana. Wanajulikana. Nimekaa misiba ambayo ungeweza kuona, kwa namna watu walivyoepuka kumtazama mtu fulani, kwamba kila mmoja alikuwa na jina kichwani.

Sababu inayotajwa siku zote ni uchawi, na kwamba macho ya marehemu yalikuwa mekundu. Macho ya mama zetu ni mekundu kwa sababu wamepika maisha yao yote kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Kila mtu analijua hilo, kwa kuwa mama yake mwenyewe anayo macho hayo. Kwa nini basi anayetajwa na mganga awe huyu na si yule? Ukifuatilia kwa makini utakuta mara nyingi ni mjane mwenye shamba zuri, ambaye watoto wake wa kiume wamehamia mbali au hakujaliwa kuwapata, na ambaye ndugu wa mumewe wamekuwa wakimwambia kwa miaka kwamba ardhi ile ni ya ukoo. Mtoto wa jirani anaugua homa na kufa, mganga anaulizwa, jina linatoka, na shamba linabaki wazi.

Hapa ndipo ninapowalaumu waliosoma, mimi nikiwa miongoni mwao. Sisi tukiandika taarifa husema kwamba chanzo ni imani za kishirikina, tunasikitikia ujinga wa wanakijiji, na tunafunga faili. Kwa maneno hayo tumemwachilia mtu aliyetaka ekari za mjane, kwa kuwa imani haisimamishwi kizimbani. Mwanakijiji anakana kwa kumsingizia mchawi na msomi anakana kwa kusingizia imani, na wote wawili wanakutana mahali pamoja, yaani hakuna anayemtaja mtoto wa shemeji wa marehemu.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na inamwadhibu pia anayemtangazia mwenzake kwamba ni mchawi. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitusaidia sana dhidi ya wezi wa ng'ombe, na sitaki kuwavunjia heshima, lakini yapo maeneo ambayo mkutano wa dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, uligeuka mahali pa kumfukuza kijijini mama aliyetajwa, na aliyefukuzwa hakuwa na pa kukata rufaa.

Umeuliza ukimya ulivunjwa wapi. Nikupe kisa ambacho vijana wengi hawakijui. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha msako mkubwa wa wauaji hawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na katika msako huo watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola hata baadhi yao wakafa. Serikali ingeweza kusema kwamba wamekufa kwa maradhi. Badala yake, mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ili kuwajibika kwa jambo ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi, na alipofariki mwaka 2024 kujiuzulu kule kulitajwa miongoni mwa mambo ya heshima ya maisha yake. Wanaosema kwamba kukiri kunatuchafua wanijibu kwa kisa hicho.

Na jambo la mwisho. Hapa Magu shirika la Maperece, linalowasaidia wazee, lilihimiza majiko yanayopunguza moshi ili macho ya mama zetu yapone. Nililipenda jambo hilo na jikoni kwangu jiko hilo lipo. Lakini jiko linaondoa kisingizio tu, tamaa ya shamba inabaki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi kijijini, na mjane mwenye hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, ambaye kijiji kinajua shamba litakwenda kwa nani akifa, hana faida kwa mtu anayetamani afe mapema. Ningependa tuhesabu hati hizo kuliko kuhesabu semina.

Mchuuzi wa Mwaloni alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma kwa heshima na sina la kupinga katika hayo ya mashamba. Lakini naomba nimjibu ndugu wa Igoma, kwa sababu mimi nilikuwamo katika maandamano yale ya mwaka 2006 na sijutii.

Wakati ule nilikuwa ninauza mapanki hapa Kirumba. Asiyejua aelewe kwamba mapanki ni mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, baada ya kiwanda kuondoa minofu inayosafirishwa Ulaya. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa mapanki, zikiyakausha na kuyakaanga kwa usafi kadiri zilivyoweza. Ulimwengu mzima ukaonyeshwa chakula chetu kama uozo na sisi kama watu wa kuhurumiwa tunaokula uozo. Hakuna aliyetuuliza tunakiitaje, tunakipikaje, wala kwa nini minofu ilikuwa imetushinda bei katika ziwa letu wenyewe. Niliandamana kwa sababu hiyo. Watoto wa mitaani nilikuwa ninawapa samaki kila jioni na sikuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba wapo.

Hadi leo ukipanda basi kwenda Dar es Salaam na ukasema unatoka Mwanza, jirani wa kiti anaweza kukuuliza kuhusu mauaji ya albino kabla hajakuuliza jina. Mtu anayehukumiwa hivyo kwa mkoa wake hufunga mdomo, na si lazima awe anamficha mhalifu, anajilinda. Wala tusijione kwamba sisi pekee ndio tunaoficha. Kule Ireland wasichana walifungiwa kwa miongo mingi katika nyumba za dobi zilizoendeshwa na masista, wakifanya kazi bila ujira, na miji yote iliyozunguka nyumba hizo ilipeleka nguo zake zikafuliwe humo. Ya mwisho ilifungwa mwaka 1996, na serikali yao iliomba radhi mwaka 2013. Hakuna aliyesema kwamba hiyo ni asili ya Waireland. Sisi jambo likitokea Geita linaitwa mila.

Msinielewe vibaya. Sisemi hayapo. Kwenye mialo yapo mambo ambayo yananiumiza mimi mwenyewe: mama anakuja alfajiri kununua dagaa, mvuvi anamwambia hakuna mzigo wa fedha leo, na kila mtu pale mchangani anaelewa anachotakiwa kutoa. Wenzetu wa upande wa Kenya wameliita jambo hilo jaboya, yaani kubadilishana samaki kwa ngono, na wamelizungumza kwa miaka. Sisi tunatazama pembeni. Ninachouliza ni nani aseme, na aseme katika kikao gani, ili mwishowe mama yule apate dagaa wake na si mgeni apate picha.

Muuguzi wa Sengerema alijibu:

Kaka wa Mwaloni, uchungu wako ninauelewa, na jibu langu kwa swali lako la nani aseme ni kwamba tuseme sisi, na tuseme mapema. Ninalitia mkazo hili la mapema kwa sababu kwenye kazi yangu ukimya hupimwa kwa saa.

Mtoto aliyebakwa akifikishwa kituo cha afya ndani ya saa 72 tunaweza kumwanzishia dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na dawa hizo zina nguvu zaidi kadiri zinavyoanza mapema. Msichana aliyevunja ungo tunaweza kumzuia asipate mimba. Ushahidi mwilini na kwenye nguo bado upo. Sasa fikirini kinachotokea katika familia zetu nyingi. Siku ya kwanza mama anagundua na anamwambia shangazi. Siku ya pili shangazi anamwita baba mkubwa. Siku ya tatu wazee wanaketi, mtuhumiwa anaitwa, inazungumzwa habari ya ng'ombe au fedha, mtoto ameogeshwa na nguo zimefuliwa. Wakishindwana kuhusu malipo ndipo wanakumbuka hospitali, na wanafika kwetu siku ya tano wakidai PF3, ile fomu ya polisi. Saa 72 zimekwisha wakiwa kwenye kikao cha kulinda heshima. Sijawahi kuona kikao hicho kikianza kwa kuuliza mtoto anaumwa wapi.

Wengine hawaji kabisa, au wanakuja wakisema ameanguka mtini. Ninapouliza mara ya pili, mama hutazama chini na bibi ndiye anayejibu. Halafu baada ya wiki kadhaa mtoto anapelekwa kwa ndugu Geita au Kahama, na kijiji kinaambiwa amekwenda kusoma. Aliyeharibiwa ndiye anayehama.

Umeuliza, ndugu wa Igoma, nani anafaidika. Mara nyingi anayetuhumiwa ni mtu anayeleta chakula: baba wa kambo, mjomba mwenye mtumbwi na injini, mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita mbele. Tangu mwaka 1998 sheria inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, na cha maisha mtoto akiwa chini ya miaka 10. Mimi siitaki sheria hiyo ilegezwe. Lakini lazima tuseme kweli kwamba mama asiye na kipato anapopima, anaona upande mmoja miaka 30 ya njaa na lawama za ukoo wa mume, na upande mwingine mtoto ambaye watu wote wanamhakikishia kwamba atasahau. Mama huyu si mjinga na simwiti mkatili. Amewekwa mahali ambapo kusema kweli kunamgharimu yeye peke yake, wakati waliomshauri anyamaze hawagharimiki chochote.

Huambiwa pia kwamba hakuna ushahidi kwa kuwa hakuna aliyeona. Naomba jambo hili lisambazwe: Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, iwapo imeridhika kwamba anasema kweli. Wazee wengi wanaosuluhisha kesi hizi hawalijui hilo, na wachache wanaolijua hawalisemi.

Kuhusu mahali ambapo ukimya umevunjika, kuna jambo ambalo nchi yetu ilifanya na halisifiwi vya kutosha. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ukihusisha serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na wataalamu kutoka Marekani, na mwaka 2011 serikali ikayatangaza matokeo yenyewe. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu nusu ya wasichana hao hawakuwahi kumwambia mtu. Wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Serikali ingeweza kuyafungia kabatini, kama serikali nyingi zilivyofanya. Baada yake ukaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, yaani MTAKUWWA, wenye kamati hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Ulizeni kama kamati ya kwenu inakaa.

Ila naona kuna kukana kwa aina nyingine ambako ni kugumu zaidi kuliko kuficha. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali walau sababu moja, ikilinganishwa na asilimia 40 ya wanaume. Mwanamke anayeamini hivyo akija kwangu na taya lililovimba hafichi kitu. Anaona hakuna cha kueleza. Kwa mtu kama huyo sheria imechelewa, na anayeweza kumfikia ni mwanamke mwenzake wa rika lake, jikoni au kisimani, aliyeishi hivyo na akaacha kuishi hivyo.

Mama wa Nansio alijibu:

Nimesoma yote na ninashukuru kwa adabu ya mazungumzo. Mimi ni Mkerewe na nina mtoto mwenye ualbino, kwa hiyo nitasema machache.

Tangu nikiwa mdogo nilisikia ikisemwa kwamba watu wenye ualbino hawafi, bali hupotea. Nilipojifungua mtoto wangu ndipo nilipoelewa msemo huo ulikuwa unafanya kazi gani. Mtu anayepotea hatafutwi, hana kaburi linaloulizwa, na hakuna anayehojiwa. Kabla ya mauaji kuanza kuandikwa magazetini kwenye miaka ya 2006 na 2007, ni wangapi walipotea kwa namna hiyo na ndugu zao wakatikisa kichwa?

Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alilia bungeni kwa ajili ya watoto wetu, na mwezi Machi serikali ikaendesha kura ya siri ili wananchi waandike majina ya wanaowashuku. Mengi yamesemwa kuhusu kura ile, na ni kweli kwamba karatasi ya siri inaweza kubeba chuki ya jirani. Kwangu mimi ilionyesha jambo moja ambalo halikuweza kukanwa tena, kwamba watu walikuwa na majina ya kuandika.

Kila mara linapotokea jambo tunaambiwa waliofanya ni waganga kutoka mbali na matajiri wasiofahamika. Wapo, na fedha zao ndizo zinazochochea biashara hii. Lakini mganga wa mbali hajui mtoto wangu analala chumba kipi na mlango upi hauna komeo. Mwaka 2014 mtoto wa miaka minne alichukuliwa Kwimba usiku nyumbani kwao. Mwaka 2024 kule Muleba mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa mikononi mwa mama yake akauawa, na miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo baba yake mzazi na padri. Hukumu ni kazi ya mahakama. Ila sitakubali tena kuambiwa kwamba hatari inatoka ng'ambo ya ziwa.

Watoto wengi walipelekwa kuishi katika shule za bweni kama Mitindo kule Misungwi na Buhangija kule Shinyanga, na walionusurika kwa sababu hiyo wapo, ninashukuru. Walakini vijiji walikotoka vilitulia kana kwamba tatizo lilikuwa watoto. Wengine walikaa huko miaka bila kutembelewa hata na mama zao. Mimi wangu nimemkatalia kuondoka. Majirani zangu wanajua zamu zao za kumsindikiza shuleni, na tulikubaliana zamu hizo kwa kusema wazi, mbele ya mwenyekiti na mchungaji, kwamba tunamhofia mtu wa hapa hapa. Ilikuwa vigumu kulitamka. Baada ya kutamkwa, zamu zilipangwa siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Igoma aliandika:

Mwalimu, dada Muuguzi, kaka wa Mwaloni, na mama yangu wa Nansio, ninawashukuru. Mama, ulilolifanya la kutamka kwanza kisha kupanga zamu limenipa mahali pa kuanzia kuliko yote niliyotarajia.

Kaka wa Mwaloni, ninakubali kwamba kikao kina uzito wake, na kwamba binti wa mtaani kwetu alisimama peke yake kwa sababu sisi wengine tuliomuunga mkono mioyoni tulikaa. Nimezungumza na akina mama wawili na fundi mmoja, na tumekubaliana kwamba ajenda itawasilishwa na watu kadhaa kwa pamoja, kwa maandishi, kabla ya mkutano.

Nina swali moja linalonizuia, na ninamwelekezea Muuguzi. Tukiripoti nyumba ambayo mtoto anateswa, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likafika, mtoto huyo atalala wapi usiku huo? Kwao ni kijiji cha mbali, nauli hana, na pengine aliyemleta mjini ni ndugu yake mwenyewe.

Muuguzi wa Sengerema alijibu:

Umegusa penyewe. Ripoti nyingi hufa hapo. Polisi wakikosa pa kumweka, mtoto hurudishwa katika nyumba ile ile, na baada ya hapo hakuna jirani atakayeripoti tena.

Sheria ya Mtoto inaruhusu mtoto aliye hatarini akae kwa muda na mlezi aliyethibitishwa na ustawi wa jamii, na kwa kawaida tunawaita familia za kuaminika. Si lazima ziwe tajiri. Afisa ustawi wa jamii huchunguza nyumba, tabia na nafasi ya kulala, kisha huwapa maelekezo. Kwa hiyo kabla hamjaipeleka ajenda yenu, tafuteni mtaani familia mbili au tatu zilizo tayari, mziongoze pamoja na mwenyekiti wenu hadi kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, zichunguzwe na zisajiliwe. Mkifika mkutanoni mkiwa na familia hizo, mtu akisema mnachafua mtaa mtamwonyesha kwamba mtaa umeshaandaa vitanda.

Majina ya nyumba msiyataje mkutanoni kamwe. Mhalifu atamhamisha mtoto usiku huo huo, na kama mmekosea mtakuwa mmemwonea mtu. Majina yaende kwa afisa ustawi na kwa Dawati. Jirani anayeogopa kuonekana anaweza kupiga simu namba 116, ambayo ni ya bure na ni ya kuripoti mambo ya watoto. Na mtoto akiwa ameumizwa au ameingiliwa, mleteni kwetu kwanza, hata kama ni usiku wa manane na hamjapata karatasi yoyote mkononi, halafu mengine yafuate.

Mchuuzi wa Mwaloni alijibu:

Mke wangu amesoma haya pamoja nami. Tuna chumba kimoja kilichobaki wazi tangu kijana wetu aende chuo. Dada Muuguzi, naomba unieleze afisa ustawi wa upande wetu wa Ilemela huulizia mambo gani anapokuja kukagua nyumba, ili tujiandae.